Nahodha Ambaye Hakulinyanyua Kombe

Shikamooni wazee wangu. Mama zangu, baba zangu, habari za jioni. Na ninyi vijana mliokaa nyuma kabisa karibu na mlango, nawaona; sogeeni mbele, viti vipo.

Katibu wa jumuiya yetu alinipigia simu akaniomba nije niwaeleze vijana namna ya kushinda. Nikamwambia, ndugu yangu, mimi ni kocha wa watoto tu. Kazi yangu kubwa asubuhi za Jumamosi ni kuwafunga kamba za viatu watoto kumi na tano kabla hawajaanza kulia, na hilo la kushinda bado linanipiga chenga. Tukakubaliana nizungumzie ushindani. Na kwa kuwa tuko Calgary, na wengi wenu watoto wameanza kuwaomba viatu vya kuteleza badala ya njumu za kandanda, nimemchagua nahodha wa mjini hapa hapa: Jarome Iginla, jezi namba 12 ya Flames, timu ya hoki ya barafu ya mji huu.

Nitaanza na lawama ambayo najua itakuja. Iginla alicheza michezo 1,554 ya NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini. Alifunga mabao 625. Tangu 2003 hadi alipoondoka mwaka 2013 alikuwa nahodha wa timu hii. Na Kombe la Stanley, lile la fedha ambalo kila mtoto wa Kanada analiota, hakulipata hata mara moja. Sasa mtu wa namna hiyo ana la kutufundisha juu ya kushindana? Mimi nasema analo, tena kuliko wengi waliolipata.

Jina lake kamili ni refu kama orodha ya wageni wa harusi, na katikati yake limo Adekunle. Baba yake ni Mnigeria aliyekuja Kanada akiwa kijana, akasoma, akawa mwanasheria. Mama yake ni Mmarekani kutoka Oregon. Jarome alizaliwa Edmonton tarehe 1 Julai 1977, sikukuu ya taifa ya Kanada, akakulia St. Albert, mji mdogo ulio karibu na hapo. Wazazi walitengana akiwa mdogo, na bibi na babu wa upande wa mama wakabeba sehemu kubwa ya malezi, pamoja na kumpeleka mazoezini alfajiri kwenye baridi mnayoijua. Nawatajia haya kwa sababu nimeshawasikia baadhi yenu mkisema hoki ni mchezo wa familia zenye baba, mama na magari mawili.

Alipokuwa mtoto, wenzake walimuuliza anataka kuwa nini. Akijibu NHL, wakamuuliza tena: kwani mle wako Weusi wangapi? Alikuwa na jibu. Aliwahesabu kwa majina, wa kwanza akiwa Grant Fuhr, kipa wa Edmonton Oilers, timu iliyochukua Kombe mara tano kati ya 1984 na 1990. Kabla ya hao alikuwepo Willie O'Ree, aliyeingia uwanjani na Boston tarehe 18 Januari 1958, akawa Mweusi wa kwanza kucheza ligi ile, na alicheza huku jicho moja likiwa karibu halioni kabisa. Siri hiyo aliificha, maana angejulikana wasingemruhusu.

Na wale wanaosema mchezo huu haukuumbiwa watu wetu, waulizeni ndugu zetu wa Nairobi. Pale Panari, kwenye Barabara ya Mombasa, uwanja wa barafu umekuwepo tangu 2005. Ni mdogo, haufikii vipimo vya kawaida, lakini vijana wakaunda timu yao ya Ice Lions, wakakosa wa kucheza nao, wakawa wanagawana wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 2018 wakaletwa huku Kanada wakavalishwa vifaa kamili, na mlango wa chumba cha kuvalia ukafunguka akaingia Sidney Crosby, nahodha wa Pittsburgh, pamoja na Nathan MacKinnon, wakacheza nao timu moja. Hebu tazameni nyuso za wale vijana kwenye video siku mkipata nafasi.

Haya, sasa mchezo wenyewe, kwa faida ya wazee waliozoea kandanda. Kila upande una watu sita barafuni, kipa na wengine watano. Vipindi ni vitatu, dakika 20 kila kimoja. Kinachopigwa ni paki, kisahani cheusi cha mpira mgumu cha gramu 170 hivi, nacho hugandishwa kabla ya mchezo ili kisirukeruke. Hayo mtayazoea. Jambo litakalowashangaza ni kwamba hakuna anayecheza mfululizo isipokuwa kipa. Mchezaji anaingia, anatoa nguvu zake zote kwa sekunde 45 hivi, halafu anarudi benchi na mwenzake anaruka ukuta kuchukua nafasi. Mara nyingi refa hajapuliza filimbi na saa haijasimama. Aliyewahi kuona wanawake watatu wakitwanga kinu kimoja ataelewa mara moja: michi inapishana, na anayechelewa kuinua mchi wake anaugonga wa mwenzake na mahindi yanamwagika.

Hapo ndipo napata tabu na watoto. Mtoto mwenye kipaji hataki kutoka. Ameona goli, ana njaa ya bao, mimi napiga kelele benchi, "Toka! Badilisha!", naye anajifanya hasikii. Miguu imekwisha, anakimbizwa na mtoto wa upande wa pili aliyeingia sasa hivi akiwa na pumzi mpya, na tunafungwa. Halafu mzazi ananijia kunilalamikia kwa nini mwanawe namtoa mapema.

Mnaweza kudhani basi nahodha ndiye anayebaki muda mrefu kuliko wote. Hapana. Nahodha huvaa herufi C kifuani, mara nyingi upande wa kushoto, wasaidizi wake huvaa A. Kikanuni, haki yake ya pekee ni kuzungumza na refa kuhusu tafsiri ya kanuni. Kulalamika hakumo humo. Kipa haruhusiwi hata kuvaa hiyo C, ili asiende akivuka uwanja mzima kila kukicha kubishana. Yaliyobaki ya unahodha hayajaandikwa popote. Wenzake wanamtazama tu, anapofanya nao wanafanya.

Sasa niwapeleke Tampa, Florida, tarehe 3 Juni 2004. Fainali ya Kombe la Stanley, Calgary na Tampa Bay Lightning. Fainali ni michezo isiyozidi saba, anayeshinda minne mwanzo ndiye bingwa. Wameshinda miwili miwili, mchezo wa tano uko mbili kwa mbili, na wamo kwenye muda wa nyongeza ambapo bao moja linamaliza kila kitu. Kumbukeni kwamba kabla ya mwaka huo Calgary ilikuwa imekaa misimu saba bila hata kuingia hatua ya mtoano. Mji wote ulikuwa umevaa nyekundu, na 17th Avenue ilikuwa imejaa watu usiku hadi magari hayapiti.

Iginla anaingia. Zamu inapita sekunde 45. Anagongwa, kofia ngumu inamtoka kichwani, haiokoti. Siku hizi kanuni hairuhusu. Mchezaji akipoteza kofia aidha aivae tena au atoke, lakini wakati ule ilikuwa hiari. Nywele zimelowa jasho, anasukumana ukutani, paki inampotea, anaifuata, anaipata tena, anapiga. Mtu mwingine wakati huo angekuwa ameshaupa uwanja mgongo anatafuta benchi. Zamu imepita dakika moja na bado yumo. Anapiga tena kwa nguvu, kipa Nikolai Khabibulin anazuia, paki inamrukia mbele, na Oleg Saprykin anaisukuma ndani. Tatu kwa mbili.

Calgary nzima mpaka leo ukisema "ile zamu" wanajua unasema ya Iginla. Na bao ni la Saprykin! Hilo nawaomba vijana mlitazame vizuri. Na kabla hamjaniambia "Kocha, mbona yeye hakutoka?", jibu ni kwamba paki ilikuwa upande wa adui sehemu kubwa ya muda ule, na yeye ndiye aliyekuwa akiizuia isitoke. Hakubaki kusubiri kupewa. Siku utakayofanya kazi hiyo kwa dakika nzima bila kusimama, sitakutoa, nakuahidi.

Yuko mwingine katika hadithi hii ambaye huwa hatajwi. Anaitwa Craig Conroy. Huyu ndiye aliyekuwa nahodha kabla ya Iginla, na mwaka 2003 aliiachia ile C kwa hiari yake akasema apewe Jarome. Hakufukuzwa wala hakustaafu. Alibaki timu ile ile, chumba kile kile cha kuvalia, akicheza chini ya mtu aliyempisha. Msinicheke, lakini sisi tunatoka kwenye nchi ambazo tunajua jinsi jambo hilo lilivyo adimu, na sitataja nchi maana humu ndani wapo wa kila upande. Mchezo wa saba wa fainali, tarehe 7 Juni, Calgary ilipata bao moja tu. Aliyelifunga ni Conroy.

Bao moja halikutosha. Ruslan Fedotenko aliifungia Tampa mawili. Mbili kwa moja, na Kombe likabaki Florida.

Kidonda kikubwa, lakini, kilikuwa cha siku mbili kabla, mchezo wa sita, hapa hapa Saddledome, uwanja wa Flames. Wakishinda tu ni mabingwa. Mbili kwa mbili, kipindi cha tatu kimebaki dakika saba hivi, paki inamgonga Martin Gelinas kwenye kiatu inaelekea golini, mguu wa kipa unaizuia. Ilivuka mstari au haikuvuka? Mchezo uliendelea, hakuna aliyeusimamisha. Baadaye televisheni ikaonyesha picha ambayo kila mtu wa Calgary anaapa nayo kwamba lilikuwa bao. Ligi ikasema picha ile haithibitishi. Martin St. Louis akaimaliza kwenye muda wa nyongeza wa pili. Mimi nimeitazama hiyo picha mara nyingi kuliko picha za harusi yangu, na mke wangu yupo hapa anatikisa kichwa kukubali. Kwa macho yangu ni bao. Lakini mimi naishi Calgary, msinisikilize.

Ninachotaka mkione ni kilichofuata. Katika hoki, mfululizo wa mtoano ukimalizika, timu zote mbili hupanga mstari na kupeana mikono, mtu mmoja mmoja. Si hiari ya mwenye moyo mzuri, ni desturi ya mchezo, na nahodha aliyeshindwa yumo. Katika mchezo wa tatu wa fainali hiyo Iginla alipigana ngumi na Vincent Lecavalier, nyota wa Tampa, makonde ya uso kwa uso, wakaenda kukaa kwenye kibanda cha adhabu dakika tano kila mmoja, na Iginla akarudi akafunga bao. Baada ya mchezo wa saba mtu huyo huyo alikuwa mbele yake kwenye mstari, na mkono ukatolewa ukapokelewa. Iginla alikuwa amefunga mabao 13 katika mtoano ule, hakuna aliyemfikia, na alikuwa anawapongeza watu ambao dakika moja baadaye wangepita mbele yake na Kombe.

Ngumi zenyewe siziungi mkono, niseme wazi. Najua watu wa hapa wanazipenda, na najua waandishi humsifu Iginla kwa kupigana vita vyake mwenyewe bila kutuma mtu. Mimi nimewahi kumpeleka mtoto hospitali kwa mtikisiko wa ubongo, na siku tatu hakuweza kuvumilia mwanga wa dirisha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha hapa Calgary walilinganisha watoto wa miaka 11 na 12 wa Alberta, ambako wakati huo waliruhusiwa kugongana kwa mwili, na wa Quebec ambako ilikatazwa. Mwaka 2010 wakatangaza kwamba hatari ya kuumia, pamoja na mtikisiko wa ubongo, ilikuwa kama mara tatu zaidi pale palipo ruhusa. Mwaka 2013 Kanada nzima ikaondoa kugongana kwa umri huo. Kwa hiyo mama zangu mnaoogopa, mtoto wa miaka tisa hataruhusiwa kugonga wala kugongwa makusudi. Ataanguka, ndiyo. Kuanguka ni kazi yake ya mwaka wa kwanza.

Turudi kwa nahodha. Baada ya 2004 mtu angedhani zamu yao imefika. Msimu uliofuata ukafutwa wote, wenye timu na wachezaji wakigombania mikataba. Iginla alibaki Calgary hadi Machi 2013, na katika miaka yote hiyo hawakushinda tena hata raundi moja ya mtoano. Akaenda Pittsburgh kulitafuta Kombe. Wakafika nusu fainali, Boston ikawafagia michezo minne kwa sifuri. Msimu uliofuata akajiunga na Boston hao hao. Kisha Colorado, kisha Los Angeles. Timu zote hizo nne zimechukua Kombe katika miaka ya karibuni. Kila alipofika, ama shughuli ilikuwa imekwisha ama bado haijaanza.

Yapo yaliyompata mwingine. Ray Bourque alicheza Boston misimu 21 bila Kombe, akahamia Colorado, na Juni 2001 wakalichukua. Desturi ni kwamba nahodha ndiye hukabidhiwa na kulinyanyua wa kwanza. Joe Sakic, nahodha, alilipokea na papo hapo akamkabidhi Bourque bila kulinyanyua. Ukimwuliza shabiki wa hoki nahodha gani alifanya jambo kubwa siku ya ushindi, mara nyingi atakutajia hilo. Iginla hakupata Sakic wake, basi.

Alichopata ni medali za dhahabu mbili za Olimpiki, akiwa na timu ya taifa ya Kanada. Salt Lake City 2002, fainali dhidi ya Marekani, alifunga mabao mawili kati ya matano, na akawa mwanamume Mweusi wa kwanza kupata dhahabu katika Olimpiki ya majira ya baridi. Huko huko aliwakuta mashabiki kutoka Calgary waliokuwa wanalala ndani ya gari, akawalipia hoteli, wala hakumwambia mwandishi yeyote, walisema wao.

Ya pili ni Vancouver, tarehe 28 Februari 2010. Marekani tena, na walisawazisha zikiwa zimebaki sekunde kama 25. Muda wa nyongeza. Iginla ana paki pembeni ukutani, beki anamlalia mgongoni. Crosby anakimbilia golini akipiga kelele, "Iggy! Iggy!" Sauti hiyo inasikika kwenye kila marudio. Iginla anaanguka, na akiwa anaanguka anasukuma pasi. Crosby anapiga, inapita katikati ya miguu ya kipa. Nchi nzima ikamwimba Crosby. Picha zote ni za Crosby akirusha fimbo yake ya kuchezea hewani. Iginla alikuwa bado chini barafuni, na kwa aliyesikia kelele zile za uwanja, hakuhitaji kuangalia kujua paki imeingia.

Vijana, mwaka huu nitakapowapanga, msiniulize nani atavaa C. Nitaivua na kuivisha kila mwezi kwa mtu mwingine, na atakayeipata atakuwa wa kwanza kukusanya makoni na wa mwisho kunywa maji. Na ninyi wazazi nina ombi moja. Njiani kurudi nyumbani mtoto akiwa bado hajavua hata glavu, swali la kwanza lisiwe "mmeshinda?" Muulizeni alitoka wakati gani, na nani aliingia badala yake. Mtashangaa atakavyowaeleza.

Kuhusu pesa, maana naona baba mmoja pale ananiangalia kwa jicho la risiti: ni kweli, vifaa ni ghali. Kuna KidSport, wanaosaidia kulipa ada za usajili kwa familia zenye kipato kidogo, na hao ndio ambao Iginla kwa miaka alikuwa akiwatolea dola 1,000 kwa kila bao alilofunga, baadaye 2,000. Ombeni, si aibu. Fomu ninazo na nitawasaidia kujaza. Viatu vilivyotumika viko kwenye yale maboksi mawili nyuma ya jukwaa, vimenolewa. Mtoto avae na soksi nyembamba, siyo zile za sufu, na kidole gumba kiguse kidogo mbele akisimama wima. Msichukue kikubwa mkisema atakua. Mazoezi ni Jumamosi saa moja na nusu asubuhi, saa ya kwetu, na nasisitiza saa ya kwetu kwa sababu mwaka jana kuna mtu alifika saa saba na nusu mchana akanikuta nimeshafunga milango.

Haya, maswali. Mama uliyenyoosha mkono, karibu.